Córdoba kwa Miguu: Kuutembea Mji Mkongwe kwa Kuwafuata Waliojenga

Wageni wengi hufika Córdoba, kusini mwa Hispania, asubuhi kwa treni kutoka Sevilla au Madrid, wakaingia Mezquita, msikiti wa kale uliogeuzwa kanisa, wakapiga picha matao mekundu na meupe, wakala, na jioni wakaondoka. Mara ya kwanza nami nilifanya hivyohivyo. Nilikwenda moja kwa moja mihrabuni, kwa sababu ndiyo niliyoiona kwenye picha tangu utotoni, kisha nikatoka na maswali mengi kuliko niliyoingia nayo. Kwa nini mihrabu haiko katikati ya ukuta? Kwa nini nguzo za upande huu zinafanana na za upande ule hazifanani? Kanisa limeingiaje katikati?

Safari ya pili nilibadili jambo moja tu, mpangilio. Nilianza pale walipoanza wajenzi, nikaenda walikokwenda, na kila swali likajijibu lenyewe njiani. Mwongozo huu unafuata njia hiyo. Tenga siku mbili kamili, na ulale mjini angalau usiku mmoja.

Hatua ya 1: Chagua mwezi, kisha ielewe saa ya huko

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo atahitaji viza ya Schengen, na hiyo uishughulikie mapema kabla hujalipia chochote. Ukishafika Hispania, mambo ni mepesi. Córdoba iko kwenye reli ya mwendokasi ya Madrid–Sevilla, ya kwanza ya aina hiyo nchini humo, iliyofunguliwa mwaka 1992. Kutoka Madrid ni chini ya saa mbili, na kutoka Sevilla ni kama dakika 45. Kutoka stesheni hadi mji mkongwe unaweza kutembea. Ni mwendo wa dakika ishirini na kitu.

Usiende Julai wala Agosti kama una hiari. Mji uko bondeni, mbali na bahari, na miezi hiyo joto hupita nyuzi 40 siku baada ya siku. Julai 2017, na tena Agosti 2021, kipimajoto cha uwanja wa ndege wa Córdoba kilifika nyuzi 46.9. Usilifananishe na joto la Mombasa au Dar es Salaam, lenye jasho na upepo wa bahari. Hili ni kavu. Jasho hukauka kabla hujalihisi, na kichwa kikianza kuuma ndipo unajua maji yamekutoka. Machi, Aprili, Oktoba na Novemba ndiyo miezi ninayoipendekeza. Mei inapendeza kuliko yote kwa sababu ya mashindano ya nyua zenye maua, yaliyoanza mwaka 1921, lakini mji hufurika na bei za vyumba hupanda, hivyo weka nafasi miezi kadhaa kabla.

Sasa saa. Hispania iko magharibi kabisa mwa Ulaya lakini hufuata saa ya Ulaya ya kati, kwa hiyo jua huchelewa nyuma ya saa ya ukutani. Wakati wa kiangazi jua hufika utosini karibu saa 8:20 mchana. Joto kali kuliko yote huja mnamo saa 11 jioni, saa ambayo sisi tumezoea kuona jua limeshapoa na watu wametoka barazani. Mwezi Juni magharibi huingia karibu saa 3:40 usiku. Anayeswali apange siku yake kwa hesabu hiyo, na asiyeswali pia, maana kila kitu mjini kimepangwa hivyo: chakula cha mchana saa 8 hadi saa 10, cha usiku kuanzia saa 3, na kati yake watu wako ndani wamefunga madirisha. Tiketi huandikwa kwa saa 24, basi 17:00 ni saa 11 jioni. Hakikisha umegeuza sawasawa kabla ya kulala.

Jambo la mwisho kabla ya kuondoka: siku zako mbili zisiangukie Jumatatu. Sinagogi, kasri ya Alcázar na magofu ya Medina Azahara hufungwa siku hiyo. Na vaa viatu vyenye soli laini. Vichochoro vingi vimetandazwa kokoto za mtoni zilizosimamishwa wima, na soli ngumu huteleza juu yake.

Hatua ya 2: Jioni ya kwanza, anzia ng'ambo ya mto

Usiingie mji mkongwe kwanza. Vuka mto, nenda upande wa kusini hadi Torre de la Calahorra, ngome iliyokuwa ikilinda daraja, kisha geuka utazame ulikotoka. Fanya hivi saa moja kabla ya jua kuzama.

Mto ulio mbele yako unaitwa Guadalquivir. Litamke jina hilo polepole utasikia Kiarabu: wadi al-kabir, mto mkubwa. Hapa ndipo starehe ya pekee ya Mswahili katika nchi hii inapoanza, kwa sababu Kihispania na Kiswahili vimechota maneno kisima kimoja. Mhispania akisema *hasta* anasema "hata" yetu, yaani mpaka. *Fulano* ni fulani. *Azúcar* ni sukari, *azafrán* ni zafarani. *Alcázar*, utakayoiona kesho, ni kasri. Meya wa mji anaitwa *alcalde*, neno lililotoka kwa kadhi. Tega sikio mitaani na kwenye vibao. Utakusanya mengi zaidi ya haya.

Daraja lenyewe ni la Warumi kwa asili. Corduba ulikuwa mji mkuu wa jimbo lao la Baetica, na hapo ndipo alipozaliwa mwanafalsafa Seneca. Lakini mafuriko na vita vimelifanya daraja lijengwe upya mara nyingi. Kati ya matao 16, mawili tu ndiyo yanayohesabiwa kuwa ya Kirumi: la 14 na la 15 ukihesabu kutoka upande wa mji. Magari hayapiti juu yake tangu mwaka 2004, kwa hiyo tembea katikati bila wasiwasi. Katikati ya daraja kuna sanamu ya Malaika Rafaeli ya karne ya 17, na mara nyingi utaona mishumaa miguuni pake. Wenyeji humwona kuwa mlinzi wa mji, na utakutana na sanamu zake viwanjani kote.

Kushoto kwako, unaporudi mjini, lipo gurudumu kubwa la mbao ukingoni. Ni Albolafia, gurudumu la kupandishia maji. Hadithi ya mjini inasema Malkia Isabel, akilala kwenye kasri iliyo jirani, aliagiza livunjwe kwa sababu mlio wake ulimkosesha usingizi. Lililopo leo ni la kuigiza lile la kale. Vichaka vilivyo mtoni hapo vimejaa korongo na yangeyange, na vimehifadhiwa kisheria.

Sasa litazame jengo lenyewe kutoka darajani. Utaona ukuta mrefu wa rangi ya mchanga, mapaa mafupi yaliyolala sambamba, na katikati yake kanisa refu limechomoza kama jahazi lililokwama juu ya mwamba. Ukikariri sura hiyo jioni hii, kesho ukiwa ndani utajua daima uko sehemu gani.

Hatua ya 3: Ingia Mezquita asubuhi, na utembee kwa mfuatano wa miaka

Jina rasmi ni Mezquita-Catedral, Msikiti na Kanisa Kuu. Ni kanisa Katoliki tangu mwaka 1236, na misa husaliwa humo hadi leo, lakini wenyeji bado husema "la Mezquita" tu. Kwa kawaida Jumatatu hadi Jumamosi milango hufunguliwa saa 2:30 asubuhi, na saa ya kwanza, hadi 3:30, mtu binafsi asiye na kundi huingia bila kulipa. Hata kama fedha unazo, iwahi saa hiyo kwa ajili ya ukimya. Siku za sikukuu ratiba hubadilika, kwa hiyo itazame kwenye tovuti yao usiku uliotangulia. Saa moja haitoshi; panga kurudi mchana au siku ya pili kwa tiketi.

Vaa mavazi ya heshima. Wanaume huvua kofia. Na niseme wazi ili Mwislamu asikutwe na aibu mbele za watu: swala ya Kiislamu hairuhusiwi ndani, na walinzi huizuia mara moja. Kuna msikiti mdogo kwenye bustani za Plaza de Colón, kaskazini mwa mji mkongwe.

Ukiingia kutokea uani unakuwa umesimama katika sehemu kongwe kuliko zote. Simama hapohapo, usiende mbele. Aliyeijenga ni Abdurrahman wa Kwanza, kijana wa ukoo wa Umayya aliyeponea chupuchupu jamaa zake walipouawa na Bani Abbas mwaka 750, akakimbia kutoka Shamu hadi Afrika Kaskazini, akavuka bahari, na mwaka 756 akautwaa mji huu. Msikiti ulianza kujengwa mnamo 785. Zitazame nguzo zake moja moja. Hii nyeupe, ile ya kijivu, nyingine ina michirizi iliyojiviringisha. Vichwa vyake havilingani. Fupi imewekewa kitako, ndefu imezamishwa sakafuni. Ni nguzo za majengo yaliyotangulia, ya Kirumi na ya Wavisigothi waliotawala baada ya Warumi, zikaokotwa na kutumika upya. Kwa kuwa zilikuwa fupi mno kubeba paa la ukumbi mkubwa, mafundi walipandisha tao juu ya tao: la chini lenye umbo la kiatu cha farasi, la juu nusu duara. La chini huzizuia nguzo zisiyumbe, la juu hubeba paa. Uzuri wote unaopigwa picha leo ulizaliwa na shida ya vifaa, na mimi hapo ndipo nilipowapenda wajenzi hawa. Rangi mbili za matao nazo si pambo la kupakwa: wekundu ni matofali, weupe ni mawe, vikipishana.

Tafuta pia kioo kilichowekwa sakafuni. Chini yake kuna mabaki ya majengo yaliyokuwapo kabla ya msikiti. Mapokeo yanasema palikuwa na kanisa la Mtakatifu Vincent.

Sasa tembea kuelekea kusini, upande wa mto. Baada ya safu kumi na mbili za nguzo unaingia nyongeza ya Abdurrahman wa Pili, ya kati ya karne ya 9. Mpaka hauonekani kirahisi, na kanisa limemeza sehemu kubwa ya nyongeza hii, kwa hiyo ipite upesi. Endelea kusini mpaka nguzo zibadilike ghafla: zinafanana urefu, hazina vitako, na rangi zinapishana kwa utaratibu, ya waridi kisha ya samawati nyeusi. Hapo umeingia zama za Al-Hakam wa Pili, baada ya mwaka 961. Mtawala huyu hakuokota nguzo, aliagiza zichongwe. Baba yake, Abdurrahman wa Tatu, alikuwa amejitangaza khalifa mwaka 929, na sasa mji ulikuwa na fedha na mafundi. Msikiti uleule, karne mbili baadaye, unakwambia hali ya mfuko wa mwenye nyumba.

Matao ya hapa huanza kuvuka na kusukana yenyewe kwa yenyewe, kama ukindu mikononi mwa msusi. Inua macho kwenye kuba. Mbavu zake zinapishana na kuunda nyota, na nyota hiyo ndiyo inayobeba uzito. Kisha, mbele yako, mihrabu.

Kuna uzio, hufiki karibu, basi chukua nafasi yako na usubiri wenye haraka wapite. Dhahabu na samawati inayong'aa ukutani ni mosaiki, vijiwe vidogo vya kioo vilivyopangwa kimoja kimoja. Waandishi wa Kiarabu wa kale walieleza kwamba Al-Hakam alimwomba mfalme wa Constantinople fundi, na mfalme akamletea fundi pamoja na shehena ya vijiwe. Khalifa wa Kiislamu na mfalme wa Kikristo, na kati yao fundi mmoja aliyefundisha vijana wa Córdoba kazi yake. Maandishi yaliyozunguka tao ni ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, aya za Qur'ani na jina la mtawala. Ukichutama kidogo utaona ndani ya mihrabu si shimo ukutani kama tulivyozoea misikitini kwetu, ni chumba chenye pembe nane, na dari yake ina umbo la kombe.

Wenye dira kwenye simu watashangaa hapa. Makka iko mashariki, ikielekea kusini kidogo tu, lakini ukuta huu unatazama kusini. Wataalamu hutoa sababu zaidi ya moja: wengine husema walifuata desturi ya Damasko, mji wa asili wa ukoo huo, ambako kibla ni kusini, wengine husema walifuata mpango wa mitaa ya Kirumi iliyokuwapo. Sisi tuliozoea kibla cha kaskazini hulihisi jambo hili mwilini.

Sasa geuka kushoto, uende mashariki. Nguzo zinaendelea, nyingi mno, zote sawa. Hii ni nyongeza ya Al-Mansur, waziri aliyekuwa na nguvu kuliko khalifa wake, iliyojengwa kuanzia 987. Kusini hapakuwa na nafasi, ardhi inateremka mtoni, ndiyo sababu aliongeza njia nane upande wa mashariki na kuiacha mihrabu bila kuwa katikati. Hilo ndilo jibu la swali langu la kwanza. Litazame tao lolote la hapa kwa karibu: wekundu wake ni rangi iliyopakwa juu ya jiwe. Kazi ya haraka. Sehemu hii ni kubwa kuliko zote na ndiyo isiyo na mshangao, lakini ina ukimya, na mafundi waliochonga mawe waliacha majina yao ya Kiarabu yamekwaruzwa kwenye nguzo. Yatafute kwa subira.

Kwa jumla nguzo 856 zimebaki. Palikuwa na nyingi zaidi kabla ya kanisa, nalo ndilo unalokwenda kulitazama mwisho. Rudi katikati. Baada ya Mfalme Fernando wa Tatu kuutwaa mji mwaka 1236, msikiti uligeuzwa kanisa, lakini kwa karibu miaka mia tatu Wakristo waliabudu chini ya matao yaleyale, wakiongeza makanisa madogo kandokando. Mwaka 1523 Askofu Alonso Manrique aliamua kujenga kanisa kuu katikati. Baraza la mji lilipinga, likatishia kumuua fundi atakayethubutu kubomoa. Mfalme Carlos wa Tano akaamua kwa upande wa askofu, na ujenzi uliendelea hadi mapema karne ya 17.

Nimewasikia wageni wakilaani hapa kwa sauti. Nami ninaumia kila nikisimama kwenye mpaka ule ambapo tao la Kiislamu limekatwa na ukuta wa Kigothi. Lakini keti kwenye viti vya kanisa kwa dakika kumi kabla ya kuhukumu. Mwanga unamiminika kutoka juu, na viti vya kwaya vya mkangazi alivyochonga Pedro Duque Cornejo katika karne ya 18 ni kazi ya mtu aliyeipenda mbao. Na inawezekana kabisa kwamba jengo hili lingebomolewa lote kama misikiti mingine mingi ya nchi hiyo, lisingalikuwa na kazi ya kanisa.

Hatua ya 4: Ua, mnara, na ukuta wa nje

Ua wa michungwa, Patio de los Naranjos, hauna kiingilio. Miti yake ni midanzi, kwa hiyo usijaribu kula danzi lililoanguka ukitarajia chungwa. Wakati wa maua, karibu na Aprili, harufu hukufikia kabla hujaingia langoni. Tazama chini: mifereji midogo ya mawe hupeleka maji kutoka mti hadi mti, na chini ya ua kuna birika kubwa la kuhifadhia maji la zama za Al-Mansur. Kwenye varanda zimetundikwa boriti za dari ya kale zenye nakshi.

Mnara wa kengele una tiketi yake na huingia watu wachache kwa zamu, hivyo inunue mapema. Ndani yake umefungiwa mnara wa msikiti aliojenga Abdurrahman wa Tatu. Kuanzia 1593 Wakristo waliufunika kwa mawe, na ukipanda unaona vipande vya ule wa ndani.

Ukitoka, zunguka ukuta wa magharibi kwa nje. Wengi huupita bila kuutazama, wakati huko ndiko uliko mlango wa San Esteban, wenye maandishi ya mwaka 855, mkongwe kuliko milango yote iliyobaki. Karibu na hapo wanawake wanaweza kukupa kijiti cha jani la harufu, kisha wakadai fedha. Sema "No, gracias" kwa upole, mikono yako ibaki kwako.

Hatua ya 5: Mtaa wa Wayahudi, kabla ya saa sita

Nenda kaskazini-magharibi uingie Judería. Aliyewahi kutembea Mji Mkongwe wa Unguja au Lamu atajisikia nyumbani: vichochoro vyembamba vilivyopinda ili kivuli kisipotee, kuta tupu upande wa nje, na maisha yote ndani, uani. Ramani ya simu hupotea humu. Iache mfukoni, ulizia Calle Judíos.

Sinagogi iliyopo mtaani hapo ni ndogo, chumba kisichofika mita saba kila upande, na usipoangalia utaupita mlango wake. Ilijengwa mwaka 1315 wa kalenda ya sasa, chini ya utawala wa Kikristo, na nakshi zake za chokaa zina mtindo wa Kiislamu na maandishi ya Kiebrania. Wayahudi walipofukuzwa Hispania mwaka 1492, ikawa hospitali ya wagonjwa wa kichaa cha mbwa, kisha kanisa la chama cha mafundi viatu. Maandishi yalifunikwa na plasta hadi karne ya 19.

Hatua chache kutoka hapo ameketi Musa bin Maimun, mwanafalsafa wa Kiyahudi, kwa shaba, kiatu chake kimeng'arishwa na mikono ya wageni. Alizaliwa mjini hapa, familia yake ikaondoka baada ya Wamuwahidi, watawala wa Kiislamu kutoka Afrika Kaskazini, kuutwaa mji mwaka 1148, naye akaishia Misri akiwa tabibu wa baraza la Salahuddin. Toka kwa lango la Almodóvar, shuka na ukuta wa mji kwenye Calle Cairuán, utakuta sanamu ya mwanafalsafa Ibn Rushd na kitabu mkononi. Alizaliwa 1126, akawa kadhi wa mji huu, akafia Marrakech mwaka 1198. Maiti yake ilirudishwa Córdoba, na mwanasufi Ibn Arabi aliyeshuhudia aliandika kwamba jeneza lilipakiwa upande mmoja wa mnyama, na upande wa pili vitabu vyake ili mzigo usawazike. Kuna benchi karibu. Kaa.

Hatua ya 6: Mchana, kula na ujifungie ndani

Agiza salmorejo, mchuzi mzito na baridi wa nyanya, mkate, vitunguu saumu na mafuta ya zeituni. Mwislamu aseme "sin jamón", kwa sababu huwekwa vipande vya nguruwe juu. Flamenquín, nyama ya kuviringisha na kukaanga, ni nguruwe pia, na vitafunio vingi vitamu hukandwa kwa mafuta yake, *manteca*, basi uliza. Biringanya za kukaanga zilizomwagiwa asali ya miwa ndicho chakula ninachokipenda kuliko vyote mjini. Kisha lala hadi saa 11.

Hatua ya 7: Hamamu na kasri

Jioni, au asubuhi ya pili kama ni kiangazi, ingia bafu za khalifa kwenye kiwanja cha Campo Santo de los Mártires. Ziko chini ya ardhi, na mwanga hupenya kwa matundu ya nyota darini. Anayeijua Hamamni ya Unguja atatambua mpangilio: chumba baridi, cha vuguvugu, cha moto.

Alcázar jirani ilijengwa na Mfalme Alfonso wa Kumi na Moja mwaka 1328. Humu mjini Christopher Columbus aliwaomba Isabel na Fernando msaada mwaka 1486, na humu kasrini Baraza la Kuhoji Imani, mahakama ya Kanisa, lilihukumu watu kwa zaidi ya karne tatu. Vyumba havina mengi, isipokuwa mosaiki za Kirumi. Bustani ndizo za kuzikalia. Ukitoka, pita mtaa wa San Basilio ulio nyuma yake. Ukikuta mlango wa ua uko wazi, bisha, salimu "Buenas tardes", na usipige picha kabla ya kuomba. Ni nyumba za watu.

Hatua ya 8: Asubuhi ya pili, Medina Azahara

Upande wa mashariki wa mji, wenye nguzo za hekalu la Kirumi na kiwanja cha Corredera, unaweza kuuona kwa saa moja jioni. Asubuhi iwekee Medina Azahara, mji wa kasri aliouanzisha Abdurrahman wa Tatu mnamo 936, kilomita kama nane magharibi. Haukufika hata miaka themanini. Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliuteketeza kuanzia 1010, na kwa karne nyingi watu walibeba mawe yake kujengea kwingine. Sehemu iliyochimbuliwa ni kama moja ya kumi tu.

Basi huondoka mjini asubuhi. Tiketi zake hununuliwa kwenye ofisi ya utalii. Litakushusha kwenye makumbusho, na kutoka hapo basi dogo hupandisha mlimani. Anza na makumbusho, usifanye kinyume, kwa sababu juu utakuta misingi na kuta fupi, na bila picha ya kichwani utaona mawe tu. Humo ndani vitazame vichwa vya nguzo vilivyotobolewa kama sega la nyuki, kazi ya zama zilezile za khalifa baba na mwana. Juu mlimani hakuna kivuli cha kutosha. Beba maji na kofia, na uliza saa ya basi la mwisho kabla hujapanda.